Lenzi na Kamera Iliyogoma Mbele ya Wakwe

Duniani kuna wapiga picha wawili tu: Lenzi, na mwingine ambaye bado hajazaliwa. Haya ni maneno ya Lenzi mwenyewe, karani wa stoo aliyekuwa na kamera kwa wiki tatu na majivuno kwa miaka thelathini na moja.

Jumamosi ile alikuwa na kazi ya kufa na kupona. Bibi wa mchumba wake alikuwa anatimiza miaka themanini. Ukoo mzima ulijaa sebuleni, na wajukuu waliotoka mbali walikuwa na basi la saa kumi. Ilihitajika picha moja tu ya wote pamoja. Lakini kwenye kochi, ubavuni mwa bibi, aliketi shangazi wa mchumba, mwenye neno la mwisho kuhusu posa. Alikuwa ameshasema, "Mleteni huyo Lenzi wenu tumpime."

"Tulieni!" Lenzi aliamuru, goti moja chini, kama mtu anayetaka kutungua ndege ya kivita. "Mimi sipigi picha moja moja kama za pasipoti. Mimi namimina!"

Akabonyeza. Tratatatata! Picha ishirini kwa mkupuo. Watoto wakashangilia.

Kisha kamera ikaganda. Kioo tuli, vitufe vimekufa, taa ndogo nyekundu tu ndiyo inapepesa ubavuni.

"Imekwama?" shangazi akauliza.

"Inatafakari, shangazi."

Lenzi alivumilia sekunde tatu, akafungua kifuniko cha chini, akachomoa betri, akairudisha. Kamera ikaamka.

"Mmeona? Fundi haulizwi!"

Tratatatata! Ikaganda tena.

Hapo lawama zikaanza kugawiwa. Kwanza lilikuwa joto, madirisha yakafunguliwa. Kisha yalikuwa mawimbi ya simu. Simu kumi na tisa zikazimwa na kulazwa kwenye beseni. Kila mara ilikuwa ni tratatata, kuganda, kuchomoa betri. Mwisho jicho la Lenzi likatua kwenye gauni la shangazi, la njano, lenye maua makubwa kama sahani.

"Samahani, shangazi. Hilo gauni lina rangi nyingi. Kamera inachoka kuzihesabu."

Shangazi akayatazama maua yake, moja baada ya jingine.

"Gauni langu mimi?"

"Si baya! Ni... zito kidogo kwa macho."

Mchumba wake akajifunika uso kwa viganja. "Na wewe uliniambia umempata mwenye akili," shangazi alimnong'oneza, kwa mnong'ono uliosikika hadi jikoni.

Bibi akakohoa. "Mjukuu wangu, mimi nimepiga chapa ofisini miaka thelathini na miwili. Ukibonyeza herufi nyingi kwa pamoja, vyuma vinapandana na mashine inakwama. Hiyo yako umeilisha picha ishirini, haijameza hata moja. Bonyeza mara moja, usubiri hiyo taa nyekundu izime."

Lenzi akacheka kicheko cha huruma. "Bibi, hii ni dijitali. Haina vyuma, haina wino."

"Tumbo inalo?"

"Haina, bibi!"

"Basi hizo picha unazomimina zinakaa wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Lenzi akaeleza, kwa sauti iliyopungua kimo, kwamba zinakaa kwenye kadi ya kumbukumbu. Alikuwa ameichomoa kwenye simu yake ya zamani.

"Ile simu iliyokuwa ikifungua picha moja mpaka chai inapoa?" mchumba akauliza.

Lenzi akaanza kuifuta kamera vumbi ambalo halikuwepo.

"Saa tisa na nusu hii," shangazi akasema. "Tuonyeshe basi hizo ulizokwisha kupiga."

Lenzi akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kioo kikaandika maneno mawili: Hakuna picha. Kila alipochomoa betri, alikuwa ameitapisha kamera kabla haijameza!

Mchumba akaichukua kamera. Akaiweka kwenye picha moja moja, akaitegesha juu ya kabati ipige yenyewe. Lakini sasa jua lilikuwa limehamia dirisha la nyuma ya kochi, na kwenye kioo ukoo mzima ulionekana mweusi kama mkaa. Mapazia yalikuwa kwenye kamba, bado yanachuruzika maji. Shangazi akaingia chumbani, akatoka na shuka.

"Lenzi, njoo huku nyuma."

Moyo wa Lenzi ukaruka sarakasi. Ameitwa kwenye picha ya ukoo! Akanyoosha kola, akauliza kwa adabu, "Nisimame kulia kwa mwenzangu au kushoto?"

"Simama nyuma ya shuka. Linyanyue. Juu zaidi. Na usitikisike, jua linapenya."

Kli! Taa nyekundu ikapepesa. Bibi akainua kidole, watu wakangoja. Ikazima. Basi halikukosekana.

Picha ile imetundikwa sebuleni, na hakika ni nzuri. Bibi yuko katikati, wajukuu wamemzunguka, gauni la njano linawaka kama taa. Na juu ya shuka, nyuma kabisa, vimeng'ang'ania vidole vinane visivyo na mwenyewe.

Wageni hawakosi kuuliza ni vya nani.

"Vya yule anayetaka kutuoa," shangazi huwajibu. "Vidole tumeshavikubali. Mwili mzima bado tunaujadili."