Mtungi Hadi Jikoni

Dambar Thapa alikuwa kwenye kibanda cha chai pale Patan, akinywa chai aliyonunuliwa na mtu asiyemjua, aliposikia rupia zikimwita. Zilimwita kwa sauti ya mwanamke, kutoka ua wa jirani.

"Babukaji kapandisha tena!" Sanu Keshari alikuwa akigeuza pilipili zake juani kana kwamba kila moja imemkosea. "Mtungi mmoja wa gesi, bei ya mbuzi! Barabara kuu wanauza kwa mia tatu pungufu."

"Barabara kuu wanakutupia mlangoni," akajibu Bibi Chini Maya, mjane wa nyumba ya kona. "Halafu nani aupandishe? Jiko langu liko juu kabisa, ghorofa ya nne, kama jiko la mtu yeyote mwenye adabu. Babukaji anaubeba hadi jikoni, anaufunga, anaupaka povu la sabuni aone kama unavuja, ndipo anaomba maji. Mimi nalipia magoti yake."

"Lipia magoti, bibi. Mimi nalipia gesi."

"Wewe cheka tu. Jumamosi nampikia marehemu karamu ya kumbukumbu, ukoo mzima unakuja, na mtungi umekauka tangu jana. Nikiwapa watu chakula kibichi, hata huko aliko atanuna. Na unajua alivyokuwa akinuna."

Dambar aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayetoka kuomba dua. Alikuwa amerudi kutoka Doha wiki iliyopita. Aliondoka Nepal tangu kabla ya tetemeko la ardhi, na huko Doha ameacha marafiki ambao bado wanamtafuta, tena si kwa mapenzi. Mfukoni hakuwa na gesi hata ya kuwashia sigara. Lakini alijua kwamba mtungi mtupu una mnunuzi ng'ambo ya mto, tena asiyeuliza maswali. Ua mmoja, nyumba kumi na kitu, kila jiko na mtungi wake. Alichana nywele, akachomeka kalamu mfuko wa shati, kwa sababu kalamu ni nusu ya ofisi, akaingia uani.

"Namaste, akina mama. Meneja Dambar, gesi ya majumbani. Nauza kwa mia tano pungufu ya Babukaji."

Pilipili zilisahauliwa.

"Mia tano!" Sanu Keshari alisimama. "Bibi, umesikia?"

"Nimesikia. Masikio bado mazima." Bibi Chini Maya hakusimama. "Meneja, mwanangu, gesi ikivuja nikiwa napika, nani anakuja?"

"Unapiga simu, mama. Huduma kwa wateja, usiku na mchana. Namba hii hapa."

"Na anayepokea ni nani?"

"Idara nzima, mama."

"Ofisi yenu iko wapi?"

"Inahama."

"Maskini. Inahamia wapi?"

"Ndiyo bado inatafuta."

Bibi alitikisa kichwa kwa huruma, kama aliyeambiwa habari za mgonjwa. "Babukaji analala nyuma ya duka lake. Mwaka juzi nilimwita mvua ikinyesha, akaja na ndala mguu mmoja."

"Ndiyo maana ni ghali!" Dambar alicheka. "Mnalipia ndala! Mimi nachukua mitungi mitupu leo Ijumaa, kesho asubuhi narudisha iliyojaa. Karamu yako, mama, itanukia hadi ng'ambo ya mto."

"Na kampuni gani mnapokea? Babukaji ana kasoro hiyo, hapokei mtungi usio wa kampuni yake."

"Wowote, mama."

"Hata Setochuli?"

Sanu Keshari alifungua mdomo, akamtazama bibi, akaufunga.

"Setochuli!" Dambar aliweka mkono kifuani. "Hiyo ndiyo naipenda kuliko zote."

"Rudia, mwanangu, wenzangu wasikie. Mtungi wa Setochuli unauchukua?"

"Mtungi wa Setochuli nauchukua kwa mikono miwili."

"Haya. Lakini Babukaji akichukua mtungi, anaacha mwingine. Wewe utaacha nini?"

Swali hilo halikuwemo kwenye mipango ya Dambar. Alijipapasa, akakumbuka rupia alizokopa kwa dada yake ili apeleke mtoto hospitali, mtoto ambaye, tumshukuru Mungu, hajazaliwa. Akatangaza kuacha rehani ya rupia mia kwa kila mtungi.

"Na kwa bei yako hiyo," bibi aliongeza kwa upole, "utateremsha mwenyewe, au ndiyo yale ya barabara kuu?"

Pale Dambar alipaswa kukimbia. Lakini tamaa ikishampa mtu cheo cha meneja, miguu haimsikilizi tena.

Nyumba za Patan zilijengwa na watu wafupi waliopenda heshima, na kila boriti humtaka mgeni ainame. Dambar hakuinama kwenye ya kwanza. Wala ya pili. Ngazi za mbao zilisimama wima kama ukuta, na chini ya jiko la Bibi Chini Maya, kwenye tundu la dari, sauti ya bibi, aliyetangulia kupanda, ikamzuia.

"Hapo hapo, mwanangu! Mgeni haingii jikoni. Babukaji ni wa ukoo. Pokea."

Mtungi ukashuka kupitia tundu, mwekundu, vumbi kidole kizima. Dambar akaubeba, akashuka nyumanyuma akiutafutia mguu kila ngazi.

"Na hili gunia la mchele ukirudi ulipandishe," sauti ikasema. "Si unapanda hata hivyo?"

Nyumba ya pili ilikuwa na mtungi na godoro. Ya tatu ilikuwa na mitungi miwili na mzee wa kushushwa akaote jua. Ya nne walimpa chai, akailipia kwa kusogeza kabati. Kufikia alasiri shati lilikuwa limemganda mgongoni, kalamu imepotea, na uvimbe kwenye paji la uso wake ulikuwa na kivuli. Lakini mkokoteni wa kukodi ulijaa, na kila mtungi ulikuwa umeandikwa Setochuli. Akafurahi. Kampuni moja, akawaza, mnunuzi hatasumbua.

Kesho yake asubuhi, ng'ambo ya mto, mnunuzi alitazama mkokoteni, akakaa chini. Alicheka hadi mkewe akatoka kuona nani kafa.

"Setochuli! Kaka, ulikuwa wapi? Kampuni hiyo ilifungwa baada ya tetemeko! Hakuna anayeijaza, hakuna anayeipokea. Bonde hili zima lina mitungi hii juu ya nyumba, imekosa mtu wa kuiteremsha!"

"Basi mnunuzi wa vyuma chakavu..."

"Hagusi mtungi wa gesi. Mmoja ulimpasukia, sasa anasikia kwa sikio moja. Na hapa usiiache."

Mwenye mkokoteni, aliyekuwa akidai kwa saa, alikohoa.

Ndipo simu ikalia.

"Huduma kwa wateja?" Nyuma ya sauti ya Bibi Chini Maya sufuria ya presha ya dengu ilipiga mluzi, na watu wengi walikuwa wakicheka. "Ulisema tupige wakati wowote. Mimi sina shida, mwanangu. Mtungi wangu wa kupikia Babukaji aliubadilisha jana jioni, kaubeba hadi jikoni, karamu imeiva. Sanu Keshari naye kamrudia, ila bei bado anailalamikia, ndiyo afya yake. Rehani yako ipo, ukileta gesi unarudishiwa."

Dambar alipapasa uvimbe wa paji la uso.

"Nilichopigia ni hiki. Mkwe wangu wa ua wa pili anayo Setochuli miwili, na wewe ndiye unayeipenda. Jiko lake liko juu kuliko langu. Meneja? Unanisikia? Safari hii inama kwenye boriti."