Modem Niliyoibariki Mwenyewe

Asifiwe Mungu, anayenivumilia kila asubuhi. Leo nimeumbuka.

Binti yangu Espérance ameolewa leo huko Montréal. Viza tulinyimwa, basi tukapatana: kabla ya kwenda kanisani atapiga magoti mbele ya simu, nami nimpe baraka ya baba kwa video. Kwetu binti hatoki bila baraka hiyo.

Shida ni modem yetu. Mvua ikinyesha hapa kwetu Muhumba, inakufa. Umeme ukirudi, inakufa. Jirani akikohoa, inakufa!

Mchana, kwao bado asubuhi, Espérance akaonekana, shela nyeupe, magoti chini, wakwe wamesimama nyuma yake. Nikainua mkono.

"Mwanangu, Bwana a..."

Picha ikaganda.

"Papa, zima, ngoja kidogo, washa tena," mke wangu akasema.

Subira ninayo (mimi ni katekista, subira ndiyo kazi yangu). Lakini nikakumbuka jambo. Hapa nyumbani kila kitu kipya hunyunyiziwa maji ya baraka: friji, redio, hata pasi. Modem tuliisahau. Mpagani ndani ya nyumba ya katekista!

Nikaleta chupa. Nikanyunyiza kidogo. Taa ya kijani ikawaka. Aleluya! Imani ikanipanda kichwani, nikamimina.

Tsss. Moshi. Taa ikazimika.

"Papa! Umeisha iua!" mke wangu akalia.

Padri wa Montréal anangoja, binti yuko magotini. Nikatia simu mfukoni, nikatoka mbio, koti, tai na ndala, kuelekea kwa jirani yetu Muzee Ramazani, Mwislamu mwema mwenye wifi isiyolala. Wenye pikipiki pale kona wakapiga kelele: "Muzee, nani anakufukuza?"

Ramazani nilimkuta amesimama mbele ya modem yake, mikono wazi kama golikipa. (Mke wangu alikuwa amekwisha kumpigia.)

"Papa Katekista, karibu sana. Lakini ile chupa ibaki inje!"

Kumbe bado nilikuwa nayo mkononi.

Nikaiacha mlangoni. Video ikafunguka safi. Wakwe wote wanafuta machozi ya kicheko.

"Papa," Espérance akasema, "ile taa ilipowaka tulikuona. Ukaganda hapa, chupa juu, unabatiza modem."

Akainamisha kichwa. Nikambariki. Nilipofika "Amina", mkwe mzee akaitika: "Na bila maji, Papa!"

Basi, msicheke. Bwana awabariki ninyi mnaosoma, na nyumba zenu, na modem zenu. Hizo modem nazibariki nikiwa mbali.