Pungufu ya Maili Thelathini na Moja

Jumatano, 27 Desemba
Nimebakiza maili 6,250 za angani nipate kadi ya dhahabu ya shirika la ndege. Mwisho tarehe 31, kisha hesabu inarudi sifuri. Shemeji yangu Orrin anayo. Kaitundika kwenye begi lake kila mtu aione. Tukisafiri, yeye anaingia ukumbi wa wakubwa kunywa supu, mimi nabaki nje na sandwichi yangu. Miaka minne! Basi, imetosha.

Keshokutwa mimi na mke wangu Lorna tunatimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Chakula cha jioni Honolulu, saa kumi na mbili. Kutoka hapa Minneapolis moja kwa moja ni maili 3,972, mwendo wa saa nane na nusu. Hazitoshi! Lakini kupitia Boston na Seattle ni 6,297. Kwa hiyo kesho Lorna na kaka yake Orrin watanyoosha, mimi nitazunguka. Usiku niko Honolulu. Lorna aliuliza kwa nini mtu anayekwenda magharibi aanzie mashariki. Nilimjibu kwamba hajui jiografia. Akasema, "Haya, bwana mkubwa. Ila Ijumaa ukikosa, utanitambua."

Alhamisi, 28 Desemba
Boston. Theluji! Ndege ilizunguka juu ya uwanja dakika arobaini. Nimewaandikia wenye ndege wanihesabie maili za kuzunguka. Wamejibu kwamba wanapima mstari ulionyooka, uwanja hadi uwanja. Wezi. Ndege ya Seattle imeahirishwa mpaka kesho.

Ijumaa, 29 Desemba
Dada wa kaunta, mwenye huruma zake, alinitafutia nafasi kwenye ndege ya moja kwa moja hadi Honolulu. Inafika saa tisa alasiri. Nikapiga hesabu: jumla 6,219. Pungufu ya maili 31! Nikakataa. Aliniuliza kama najisikia vizuri. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akadakia, "Nipe mimi, dada. Huyu kalogwa."

Kupitia Seattle, tiketi inasema nitafika saa tatu na nusu usiku. Lakini Honolulu wako nyuma ya Boston kwa saa tano. Toa tano: saa kumi na nusu alasiri! Nitawakuta wapishi bado wanamenya vitunguu. Akili ni mali.

Jumamosi, 30 Desemba
Kumbe tiketi huandikwa kwa saa za kule unakofikia. Zile tano zilikuwa zimeshatolewa.

Nilikuta meza imefutwa. Orrin alikula samaki wangu, akapigwa picha na keki yangu. Lorna alikuwa amelia. Hilo liliniuma, sitaficha. Alisema amevumilia mengi, lakini kuachwa kwa ajili ya maili thelathini na moja, hapana.

Hapo hapo simu ikalia. DHAHABU! Nimezidisha kwa maili 47! Nilimwonyesha Orrin. Nikamwonyesha tena!

Leo asubuhi Lorna ameondoka kwenda kwa dada yake, Anchorage. Amesema msamaha wa kwenye simu hautaki: nikirudi nyumbani, nifunge safari, nimfuate, nipige magoti mbele yake.

Nimepima. Minneapolis hadi Anchorage ni 2,519 tu. Lakini kupitia Miami na Seattle, kwenda na kurudi, zaidi ya elfu kumi na moja! Na hesabu mpya inaanza keshokutwa!

Namwomba Mungu Lorna asinisamehe safari ya kwanza.