Pumzi ya Bundi

Habari ilitukuta kwenye hoteli ya Nelius, hapa Meru, chai haijachemka: hospitali imeleta mtambo wa kupima pumzi, na mwenye kifua kibovu ataondolewa kwenye mtaro. Ni ule mtaro wa Hali ya Hatari, tunaochimbishwa bure na hombagadi, walinzi wa serikali, kando ya msitu ili wapiganaji waliojificha humo wasitoke. Sote tuliuchukia, lakini mwenzetu Bundi alizidi.

"Mahindi yangu imemezwa na magugu," alilia. "Kesho napimwa. Nifundisheni kuwa mgonjwa!"

Njura, tuliyemwita Daktari kwa sababu alibeba machela vitani Burma, alipandisha suruali. "Mtu mzima akivuta pumzi mara moja, anavuta debe mzima."

"Debe?" Burale wa buchari alicheka hadi akashika ukuta. "Wallahi, hata ng'ombe hawezi!"

"Mimi niliona mapafu ya watu, bwana. Wewe unajua ya mbuzi tu."

"Na mbuzi hajawahi kunidanganya."

"Ngojeni," Nelius akaingilia. "Sasa mgonjwa avute kiasi gani?"

"Chupa moja ya bia," Njura akasema. "Akivuta hiyo, daktari mwenyewe ataita padri."

Burale alileta kibofu cha mbuzi, Bundi akaanza kukipuliza.

"Polepole!" Njura akafoka. "Unapuliza kama umeona hombagadi!"

"Kai! Si nimewaona asubuhi?"

Tulimfunza mchana kutwa mpaka akaweza: anavuta chupa, anatoa chupa, macho yamelegea vizuri. Nilimwonea fahari, sikatai.

Kesho yake alirudi na jembe jipya begani.

"Imekuwaje?" nikamuuliza.

"Daktari alifurahi sana. Ati chupa ya bia ndiyo pumzi ya kawaida ya mtu mzima. Hao wengine wote wanahema juu ya uoga. Kifua imetulia ni yangu peke yake. Nimewekwa mbele ya wachimbaji."

Njura alikuwa ameinamia kikombe kitupu, anakikoroga.

"Pole, ndugu yangu," nikasema.

"Asante. Lakini hedimani wa mtaro aliuliza nani alinifunza kupumua vizuri hivyo." Bundi aliketi, akanyoosha miguu. "Nikaona si vizuri kuficha walimu wangu. Ako hapo nje, anawaletea majembe."

Burale na Njura waligombania mlango. Mimi nilipitia dirishani.