Ombi la Kurudishiwa Oveni Iliyoondoka na Binti Yenu

Kwako Mama Mkwe,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima, ila silinda ya pikipiki yangu haijaiva.

YAH: OVENI

Mama, najua si adabu mkwe kukuletea mashtaka ya jikoni, lakini maji yamenifika shingoni. Wiki iliyopita mke wangu alirudi kwenu na mabegi yake pamoja na ile oveni anayookea keki za wateja. Mabegi siyadai. Malalamiko yangu ni haya:

1. Injini yangu hupozwa na upepo unaopita katikati ya mapezi ya silinda, yale mabapa membamba yanayoizunguka. Mapezi yakaanza kuota kutu, yakahitaji rangi ya kuhimili joto. Mimi nilitaka nyekundu inayong'aa, iliyobaki tulipopaka geti. Binti yenu akasema tununue nyeusi ya injini, isiyong'aa, tena tuipake nyembamba, maana rangi nene ni kuivalisha injini sweta. Nikamjibu keki ni zake, injini ni yangu.

2. Nyekundu ilipopata moto ikatoa malengelenge na moshi, jirani akaanua nguo zake. Binti yenu akaenda kumsaidia kuanua. Mama, hakuna kinachouma kama mtu mwenye haki akinyamaza.

3. Nikanunua hiyo nyeusi, nikaifungua silinda, nikakwangua nyekundu na kuipaka upya. Fundi akaniambia haikomai mpaka ipate moto, basi nikaiweka silinda ndani ya oveni. Kweli ilikuwamo keki ya harusi, lakini ilikuwa rafu ya chini na mimi nilitumia ya juu. Silinda ikatolewa kwa hasira kabla haijakomaa. Bibi harusi naye akalalamika kwamba keki ina ladha ya gereji. Nauliza, aliwahi kuonja gereji wapi?

4. Akiwa mlangoni aliniambia, na siongezi chumvi: "Siku utakayoniuliza nimeshindaje, kama unavyoiuliza hiyo injini kila jioni, niite." Mama, injini naiuliza kwa sababu huharibika. Yeye hajawahi kuharibika.

5. Sasa silinda iko mezani, pale anapokaa yeye. Nikila tunatazamana. Haina mazungumzo.

Kwa hiyo naomba oveni irudishwe. Kwa kuwa vitufe vyake sivijui, iletwe na mtu anayevijua. Kwa kuwa mtu huyo atafika amechoka, alale. Akishalala, sioni haraka ya kumsumbua tena na safari.

Msalimie sana baba mkwe, mashemeji wote, na yeyote aliyepo hapo anayeoka keki.

Mimi mkweo mtiifu,
Mwenye Pikipiki

N.B. Hayo ya juu niliyaandika juzi. Jana ndipo nikasoma nyuma ya kopo: oveni si lazima, funga silinda, washa injini, zima ipoe, kisha endesha mwendo mrefu kidogo, rangi itakomaa kwa moto wa injini yenyewe. Binti yenu alinisomea maneno hayo siku niliyoinunua. Basi nikaifunga, nikaendesha mpaka langoni kwenu, nikakosa ujasiri wa kubisha hodi, nikageuza. Rangi imekomaa vizuri, haina hata lengelenge moja. Oveni kaeni nayo. Mwulizeni tu, kwa niaba yangu, ameshindaje.