Mbwa Wako Wamemkamata Paka Wetu Bila Kuamriwa

Kwa Mwenyekiti wa Chama cha Wawindaji,
Nyumba ya geti la kijani, mkabala na kwetu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, au niseme Baba Mkubwa, kama ninavyokuita tukiwa na amani,

Shikamoo. Kwenye karatasi naweza kuiandika nzima, tena kwa mwandiko mzuri.

Mimi ni binti wa fundi cherehani, yule msichana anayepita mbele ya geti lako kila asubuhi akiangalia viatu vyake. Naandika kwa niaba ya familia. Mama alisema, "Wewe tuliyekusomesha lugha mbili, leo tuone faida," akanikabidhi kalamu. Hajui kwamba mimi hunyamaza kwa lugha zote mbili, na kwa ufasaha. Kuja kusema nawe ana kwa ana nimeshindwa. Nilifika getini mara mbili, nikalisoma bango la "Mbwa Mkali" kana kwamba ni gazeti, nikarudi.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Jumanne asubuhi mbwa wako watano, wakiongozwa na Jemadari, walimvamia paka wetu aitwaye Kifungo. Wakati huo Kifungo alikuwa ndani ya kikapu, mkononi mwangu, akipelekwa kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya kikohozi. Paka mgonjwa, Mwenyekiti, tena ndani ya kikapu chenye mfuniko! Hata nguruwe pori huwa mnampa nafasi ya kukimbia kwanza.

2. Kukimbia, alikimbia hata hivyo, kikapu kilipoanguka na mfuniko kufunguka. Aliingia barazani kwetu, mbwa nyuma yake, wakaizunguka cherehani mara tatu. Suti ya bwana harusi iliyokuwa mezani sasa ina nyayo mgongoni. Baba amejaribu kumwambia mwenyewe kwamba ndiyo mitindo ya mwaka huu, lakini bwana harusi ana macho. Tepu ya kupimia nayo haijaonekana tangu siku hiyo. Yule mbwa wako mnene, tunaomba umchunguze.

3. Jemadari alimbeba Kifungo kwa ngozi ya shingo, akavuka naye barabara kichwa juu, akamlaza miguuni pako, kisha akakaa kusubiri sifa. Hakumtoboa hata kidogo. Hilo ndilo linalotuuma zaidi, maana tungeona jeraha tungejua pa kulalamikia. Heshima ya paka haifungwi bandeji. Tangu hapo Kifungo anaishi juu ya kabati la nguo, anashuka kula tu, na anatutazama kama wapangaji wake. Kikohozi kimepona kwa mshtuko, jambo ambalo hatulihesabu kama msaada kutoka kwako.

4. Ulisema mbele ya majirani, "Mbwa wangu hawakamati bila kuambiwa. Nani kawaambia?" Baba akakujibu kwamba kama si wewe basi ni paka mwenyewe. Sasa hasira zimepoa kidogo, tulichunguze swali lako. Mtaa mzima tunajua mbwa wako wanatii neno moja tu, "Shika!", kwa sababu kila Jumamosi tunaamshwa nalo. Lakini Jumanne ulikuwa umesimama getini na mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni. Mtu mwenye mswaki mdomoni hawezi kusema "Shika". Bibi amejaribu, kwa ajili ya ushahidi, na amelowesha gauni lote. Kwa hiyo amri haikutoka kwako, na mbwa anayekamata bila amri ni mbwa aliyejitungia sheria. Leo kakamata paka. Kesho atakamata mwalimu mkuu. Mwisho wa mwaka atakukamata wewe, Mwenyekiti, na kukalia kiti chako, na wanachama watampigia makofi kwa woga.

5. Shahidi wa karibu alikuwa mmoja tu, naye ni mwandishi wa barua hii. Shahidi ameomba asiulizwe maswali. Familia imemkubalia kwa sababu ya haya zake.

(Bibi alitaka liwepo la sita, kwamba wewe humwitikii mjukuu wake salamu. Baba kasema hilo halihusu mbwa. Nimeliacha hapa kwenye mabano.)

Kwa hiyo tunakuomba umwombe paka radhi, kwa sauti ya kufika juu ya kabati. Pili, mbwa wafundishwe neno jingine, yaani "Acha". Na tatu, katika kikao chenu cha Jumamosi, Jemadari avuliwe uongozi na apelekwe kwa shemeji yako, kule ulikosema mwenyewe kwamba atafungwa mnyororo. Tunaomba kifungo, na hapa simaanishi paka.

Mpaka hayo yatimie, baba hatakuja kucheza drafti. Anasema anakumbuka kila kete ilipo, na zamu ni yako, usisogeze kitu.

Msalimie Mama Mkubwa, wasalimie wawindaji wote, wasalimie na mbwa wanne. Barua hii imesomwa kwa sauti na baba na kupitishwa na mama. Bibi ameigonga dole gumba ingawa anajua kuandika. Anasema dole gumba linatisha zaidi.

Wako katika ujirani na malalamiko,

Binti wa Fundi

Nyongeza: Haya hayajapitishwa na mtu. Nayaandika nikiwa nimeegemea geti lako kwa nje, na Jemadari ananilamba vidole kupitia upenyo, kwa hiyo usamehe mwandiko.

Baba Mkubwa, miaka yote nimekuwa nikikuamkia, ila sauti inaishia kooni. Jumatatu bibi akaniambia, "Mwamkie mzee wa watu akusikie, ama utaitwa jeuri." Nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Jumanne nikakuona na mswaki wako, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo. Sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotarajia, ikanitisha mwenyewe, nikaimeza iliyobaki. Watoto wa mtaa wanakuamkia kila siku na mbwa wako hawainui hata sikio, maana wao huisikia salamu nzima. Mimi niliwapa nusu. Nusu ya mwanzo.

Kwa hiyo Jemadari aliambiwa. Aliambiwa waziwazi, na mtu aliyeshika kikapu, naye akatii kama ulivyomfundisha. Tafadhali usimpeleke kwa shemeji. Barua hii isomwe kikaoni yote, mpaka huku chini. Nitakuwa nje ya dirisha, na mkiniita nitaingia. Kuongea sikuahidi.

Ile nusu iliyobaki Jumanne nimekutunzia. Ipokee: moo.