Kocha wa Chumba cha Mbele

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa Yekatit

Mke wangu Wubit ametangaza wakati wa kifungua kinywa. Mama yake anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kutoka Debre Birhan. Magoti yamemshinda. Atakaa nasi, na atalala chumba cha mbele kwa kuwa hakina ngazi. Nimemweleza kwamba chumba cha mbele ni ofisi. Akauliza ofisi ya nini. Ya ukocha, nikasema. Akauliza wachezaji wako wapi.

Nimemfafanulia kwa utaratibu. Mtu aliyeongoza idara ya utumishi wizarani hadi kustaafu hawezi kuacha maarifa yake yaoze. Viongozi vijana wanahitaji mwongozo, na siku hizi wanautafuta katika ule mtandao wa watu wa kazi, ambako kila mtu huweka picha yenye tai na kusimulia alivyofaulu. Lemma, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kukunja barua, ana wateja wengi huko mpaka anawapanga foleni.

Tumekubaliana. Mteja mmoja akikalia kiti cha wageni kabla mama hajafika, chumba ni changu, na mama atalala cha nyuma. Asipopatikana, meza yangu itahamia ukumbini, karibu na jiko.

Jambo moja sikumwambia. Tangu nistaafu, hakuna aliyeniuliza swali ambalo jibu lake nalijua mimi. Juzi nilijikuta nikimweleza mwuza vitunguu kanuni za likizo ya ugonjwa. Alisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza kama nanunua.

Jumatano, tarehe 5 Yekatit

Hiwot, binti yetu, amenifungulia ukurasa kwa simu kutoka Hawassa. Picha ni ile ya siku nilipopandishwa cheo. Hiwot anasema ni ya zamani mno. Sura ni ileile. Cheo changu: Kocha wa Uongozi, Maadili na Uandishi Sahihi wa Barua.

Asubuhi nimechapisha makala yangu ya kwanza, "Nidhamu: Maana, Chimbuko na Mipaka Yake". Imesomwa na Hiwot, na mtu mmoja anayeuza vigae.

Lemma naye amechapisha picha ya kikombe cha kahawa ya maziwa. Chini yake: "Amka. Anza." Basi. Watu mia kadhaa wamempa dole gumba. Mmoja amesema analia.

Mbinu mpya. Nimeingia chini ya kikombe hicho na kueleza, kwa adabu, kwamba maneno yale mawili hayajitoshelezi, kwa kuwa mwandishi hakusema mtu aanze nini. Wasomaji wake wangeona jina langu na uzito wangu. Lemma akajibu upesi: "Nashukuru sana, mkuu wangu. Hata leo bado unanisahihisha." Akaweka uso unaocheka. Sasa watu wananiandikia kuniuliza ilikuwaje kufanya kazi na Lemma.

Chakula cha mchana kilikuwa mkate wa injera na mchuzi wa shiro, ule wa unga wa dengu. Nikasema nimeshiba. Wubit akaapa, "Nife mimi kama huongezi." Nikasema hapana, kweli, inatosha. Akakunja tonge kwa mkono wake akanitia mdomoni. Nikala. Nilikuwa na njaa tangu asubuhi.

Ijumaa, tarehe 7 Yekatit

Hiwot ameshauri niwaombe niliofanya nao kazi wanitolee ushuhuda. Karani wangu wa zamani, ambaye bado ananiita Ato, yaani Bwana, ameandika: "Ato Admasu hakuwahi kuchelewa, wala hakuwahi kusahau nani amechelewa." Mwingine: "Chini yake nilijifunza uvumilivu." Nimezibandika zote mbili.

Na zimefanya kazi. Saa nane mchana nimepata ujumbe. Kijana aitwaye Natnael Shiferaw, mkuu mpya wa karakana katika kiwanda cha viatu. Amewekwa juu ya mafundi walioanza kazi kabla yeye hajazaliwa. Akiingia, hakuna anayeinua kichwa. Akitoa agizo, wanamwuliza baba yake hajambo. Anaandika kwamba kila asubuhi hukaa kwanza ndani ya gari nje ya geti, mpaka apate moyo wa kuingia. Amesoma ushuhuda ule na kuona kwamba mimi ni mtu niliyeheshimiwa. Je, naweza kumpokea?

Nimesoma nikiwa nimesimama.

Lakini mimi nimelelewa. Mtu hawezi kualikwa akaingia mbiombio kama mwenye njaa. Nimemjibu kwamba mimi ni mstaafu tu, sina jipya la kumfundisha, na wako wengi wanaonizidi. Pengine hata Ato Lemma angemfaa. Jibu zuri. Limenichukua saa nzima.

Nimemwambia Wubit asafishe kiti cha wageni. Kijana atabembeleza kesho.

Jumapili, tarehe 9 Yekatit

Hakubembeleza jana.

Leo, baada ya kanisa, tumealikwa kwa jirani aliyebatiza mtoto. Nilikataa mchuzi wa kuku. Mama mwenye nyumba akaniapia kwa jina la mtoto. Nikakataa tena. Akaniwekea paja na yai, akasimama pale mpaka nikamaliza. Ndivyo mambo yanavyokwenda baina ya watu wenye adabu.

Tuliporudi nimefungua kompyuta. Natnael ameandika: "Nakushukuru kwa ukweli wako, bwana mkubwa. Nimeheshimu uamuzi wako. Nimemwandikia Ato Lemma kama ulivyonielekeza, naye amenikubalia palepale."

Palepale. Bila hata kukohoa.

Jumanne, tarehe 11 Yekatit

Nilidhani kijana amekulia ughaibuni. Nimeuliza. Ni mtoto wa kasisi, kutoka Debre Markos. Sielewi.

Lemma ameniita mkahawani. Nilikataa kahawa, akaagiza hivyohivyo, nikanywa. Akasema, "Mkuu, yule kijana uliyeniletea ananitoa jasho." Nikamwuliza, kama asiyejali, kwa nini kijana hakurudi kwangu. "Nilimwuliza hilohilo," akasema. "Akaniambia, mtu mkubwa kama yule akisema hapana, mimi ni nani wa kumsumbua?"

Kwa hiyo alikuwa na adabu. Adabu nyingi mno, hata zikapitiliza nyumba yangu.

Kisha Lemma akashusha sauti. Anasema wale mafundi wazee hajui awafanye nini. Vikombe na maneno mawili mawili havisaidii pale. "Wewe uliwekwa juu ya wazee ukiwa kijana, mkuu. Mimi nilikuwepo, niliona. Njoo Alhamisi ukae naye wewe mwenyewe. Mimi nitatoka nje."

Nikasema hapana, huyo ni mteja wako, mimi nani. Lemma akafungua mdomo kusema neno. Simu yake ikalia. Aliporudi alikuwa anaongea habari nyingine.

Nimetembea hadi nyumbani. Njiani nimekumbuka mwaka ule wa kwanza wizarani. Makarani wenye mvi walikaa tu nilipoingia. Wiki nyingi nilikasirika. Halafu siku moja nikaanza mimi: kila mzee akiingia ofisini kwangu, nainuka kwenye kiti changu, hata nikiwa katikati ya sentensi. Mvua zilipokwisha, wao ndio walikuwa wakiinuka nikiingia.

Hilo ndilo ningemwambia yule kijana. Ni dogo. Lingemwondoa ndani ya gari.

Alhamisi, tarehe 13 Yekatit

Nimemsimulia Wubit. Alikuwa anachambua kahawa, hakuinua macho. "Baba Hiwot," akasema, "kwenye kioo cha kompyuta hakuna mkono wa kukutia tonge mdomoni. Unataka, sema nataka."

Wubit ni mke mwema, lakini si mtu wa taratibu. Nimepata suluhisho bora. Nimeongeza sentensi chini ya cheo changu: "Kocha huyu hukataa mara mbili za kwanza. Wateja wanaombwa wasikate tamaa."

Hiwot amepiga simu, ananisihi niiondoe. "Baba, watu wanaipiga picha wanatumiana." Nikakataa. Akapiga tena, nikakataa. Alipopiga mara ya tatu, nikaiondoa. Mtoto amelelewa vizuri.

Jumamosi, tarehe 15 Yekatit

Wubit alitoka mapema kwenda kituo cha mabasi kumpokea mama. Nikabaki chumba cha mbele, nikifuta vumbi kwenye kiti cha wageni.

Ujumbe ukaingia. Natnael. Lemma amemwambia kwamba jibu lake analo mtu mmoja tu mjini Addis Ababa. Ananiomba radhi kwa kunisumbua tena. Leo yuko duka la ngozi, mtaa wa pili kutoka kwetu. Je, anaweza kupita sasa hivi, hata kwa muda wa kahawa moja?

Nilitazama kiti. Nilitazama mlango. Angefika kabla ya basi.

Lakini hii ilikuwa mara yake ya pili tu. Nikamwandikia kwamba asijitaabishe, mimi si chochote, na nyumba yenyewe imevurugika. Nikaweka sufuria ya maji jikoni kwa ajili ya kahawa yake.

Mlango ukagongwa. Nikainuka, nikanyoosha tai. Alikuwa mama mkwe, na furushi lake, na kuku hai. Akakaa kwenye kiti cha wageni na kusema kina starehe.

Meza yangu sasa iko ukumbini. Wakati wa chakula nikasema nimeshiba. Wubit akasema, "Haya, tumeheshimu uamuzi wako," akampa mama yake fungu langu lote. Nimemsubiri arudi na tonge. Ameosha vyombo. Nadhani ugeni umemchosha, amesahau desturi. Nitamsamehe.

Tumbo linaunguruma. Kompyuta iko wazi mbele yangu. Natnael amesoma jibu langu, alama inaonyesha, naye bado hajaandika.

Si neno. Ni mtoto wa kasisi. Imebaki mara moja tu.